Robert Guthrie: Jamaa aliyetumia tone la damu kuokoa akili za watoto

TUSEME dada yako amejifungua juzi. Mtoto ana uzani mzuri, hana kasoro unayoweza kuiona, halii ovyo, na analala hadi majirani wanauliza kama kweli kuna mtoto kwa hiyo nyumba. Kila anayekuja kumwona anasema dada yako amebarikiwa mtoto mtulivu. Sasa tuseme pia kwamba tezi ndogo iliyo shingoni mwa mtoto huyo haikuumbika. Wewe hutajua. Daktari akimwangalia kwa macho tu, mara nyingi naye hatajua. Na siku mtakayoanza kushuku kwamba kuna kitu hakiko sawa, ubongo wa mtoto utakuwa umeshapoteza kitu ambacho hakirudishwi na dawa yoyote.

Katika nchi nyingi mambo hayafiki huko, na sababu ni kipande cha karatasi. Mwuguzi hudunga kisigino cha mtoto, hugusisha damu kwenye miduara iliyochorwa juu ya karatasi nene, huiacha ikauke, kisha huituma maabara. Aliyeifanya karatasi hiyo kuwa ya kawaida ni Mmarekani aliyeitwa Robert Guthrie, na kuna wakunga Uingereza ambao hadi leo huiita kadi ya Guthrie. Kwetu hapa jina lake si la kutajwa mtaani. Lakini soma tu, utaona kwamba kazi yake ilishafika karibu nawe kuliko unavyodhani.

Guthrie alizaliwa mwaka wa 1916 katika mji mdogo wa Marionville, jimbo la Missouri, akakulia Minneapolis. Ujana wake uliangukia miaka ile uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, kazi hakuna. Yeye alikazana na masomo, na alisoma kwelikweli: alipata shahada ya udaktari wa tiba, na juu yake uzamifu katika elimu ya bakteria. Lakini usimwaze kama daktari wa kupanga wagonjwa foleni. Huyu alikuwa mtu wa maabara. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa katika jiji la Buffalo, jimbo la New York, akifanya utafiti wa saratani katika taasisi ya Roswell Park.

Nyumbani alikuwa na mkewe Margaret na watoto sita. Wa pili, mvulana aliyezaliwa 1947, alikuwa na ulemavu wa akili. Jaribu kuwaza enzi zile. Mtoto wa aina hiyo alifichwa, au familia ilishauriwa na daktari mwenyewe impeleke kwenye taasisi, imsahau, izae mwingine. (Usicheke Wamarekani; sisi pia tunajua watoto waliofungiwa chumba cha nyuma wageni wakija.) Guthrie na mkewe hawakufuata ushauri wa aina hiyo. Badala yake walijiunga na chama cha wazazi wenye watoto kama wao pale Buffalo, na Guthrie akawa mmoja wa viongozi wake. Mtafiti wa saratani kwa siku, mzazi wa mikutano ya jioni.

Ni kupitia mambo hayo ya chama alikutana mwaka wa 1957 na Daktari Robert Warner, aliyekuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu katika hospitali ya watoto ya Buffalo. Warner alikuwa na tatizo. Alikuwa na watoto wachache wenye ugonjwa unaoitwa PKU, na alihitaji njia rahisi ya kupima damu yao.

Hapa lazima nikupe maelezo kidogo, vumilia. Ukila nyama, maziwa, mayai au maharagwe, unapata protini, na ndani ya protini mna kitu kinaitwa fenilalanini. Mwili wako unakitumia na kukivunjavunja bila wewe kujua. Mtoto mwenye PKU hana uwezo huo. Fenilalanini inajaa katika damu yake mpaka inaharibu ubongo, na anayemlisha hana habari kwamba hata maziwa ya kawaida yanamuumiza. Daktari wa Norway, Asbjørn Følling, aliutambua ugonjwa huo 1934 baada ya mama mmoja kukataa kuchoka kuuliza kwa nini watoto wake wawili wako hivyo. Miaka ya 1950 mwanzoni, Horst Bickel na wenzake katika jiji la Birmingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba mtoto akipewa chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo, hali yake inaweza kuwa nafuu.

Kwa hiyo dawa ilikuwepo, na ilikuwa chakula. Shida ilikuwa wakati. Chakula hicho kikianza wiki za kwanza, mtoto anakua na akili yake. Kikianza baada ya mwaka, kimechelewa. Na kipimo kilichokuwepo kilikuwa cha mkojo: unadondoshea kemikali kwenye nepi iliyolowa, ikigeuka kijani, basi ni PKU. Lakini ile rangi ya kijani ilihitaji mtoto awe na umri wa wiki kadhaa ndipo ionekane. Unaona mtego ulipo? Kipimo kilisubiri sumu ijae ndipo kiseme kuna sumu.

Guthrie alikuwa na jibu tayari kwenye meza yake ya saratani, ingawa hakuwa ameliita jibu. Katika utafiti wake alikuwa akitumia bakteria kupima vitu vilivyomo kwenye damu ya wagonjwa. Wazo lilikuwa hili. Chukua bakteria wa kawaida, wale wa udongoni waitwao Bacillus subtilis. Waweke kwenye jeli pamoja na kemikali inayofanana na fenilalanini lakini ni feki. Bakteria wanadanganyika, wanameza ile feki, wanakwama, hawazaani. Sasa weka juu ya jeli kijiduara cha karatasi chenye damu. Ikiwa damu ina fenilalanini ya kawaida, hakuna kinachotokea. Ikiwa ina nyingi kupita kiasi, bakteria wanapata ile halisi na kuishinda feki, na asubuhi unakuta wamezaana kuizunguka ile karatasi kama ukungu. Kadiri damu ilivyo na fenilalanini nyingi, ndivyo mzingo wa bakteria unavyokuwa mpana. Huhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji macho na rula.

Alimpa Warner kipimo hicho kwa ajili ya kufuatilia chakula cha watoto wake wachache. Angeweza kuishia hapo.

Mwaka uliofuata, 1958, jambo likaingia ndani ya familia. Binti mdogo wa dada ya mkewe, huko Minnesota, aligunduliwa kuwa na PKU. Alikuwa ameshapita mwaka mmoja. Alianzishiwa chakula, lakini madhara yalikuwa yamefanyika. Nadhani hapo ndipo unapomwelewa mtu huyu vizuri. Ulemavu wa mwanawe mwenyewe haukutokana na PKU, na hakuna kipimo ambacho angebuni kingemsaidia. Lakini mtoto wa shemeji yake alikuwa na ugonjwa ambao kwa jina ulijulikana, kwa sababu ulijulikana, kwa tiba ulijulikana, na bado ukampata kwa sababu hakuna aliyempima katika wiki zake za kwanza. Guthrie aliacha saratani akahamia hospitali ya watoto, na swali likabadilika. Halikuwa tena namna ya kufuatilia watoto wanaojulikana kuwa wagonjwa. Likawa namna ya kumpima kila mtoto anayezaliwa, awe anaonekana mgonjwa au la.

Na hapo ndipo karatasi ilipoingia. Damu ya majimaji ni kazi ngumu: inataka chupa, sindano, barafu, haraka. Guthrie na msaidizi wake Ada Susi wakaifyonza kwenye karatasi ya kuchujia, ikakauka, na wakakuta bado inapimika. Karatasi kavu haimwagiki wala haivunjiki. Unaitia kwenye bahasha, unabandika stempu, unaipeleka posta. Kwa ufupi, mtoto aliyezaliwa kijijini kabisa anaweza kupimwa na maabara iliyo mbali, bila yeye wala mama yake kutoka kitandani. Kama ni mimi ningeulizwa kitu gani kikubwa zaidi alichofanya, ningesema si bakteria. Ni bahasha.

Alikijaribu kipimo kwanza katika taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Newark, jimbo la New York. Kiliwanasa wale waliojulikana kuwa na PKU, na kikanasa wengine ambao kipimo cha mkojo kilikuwa kimewapita. Mwaka wa 1962 jimbo la Massachusetts likaanza kupima watoto wachanga, na mwaka uliofuata likaifanya kuwa sheria. Jaribio kubwa la miaka hiyo lilipima watoto zaidi ya 400,000 katika majimbo 29 ya Marekani na kupata 39 wenye PKU. Yaani mmoja kwa kila 10,000 hivi. Unaweza kusema 39 ni wachache. Kamwulize mzazi wa mmoja wao.

Usidhani kila mtu alimpigia makofi. Madaktari wengi hawakutaka wanasiasa wawaamrishe nini cha kupima, na wengine walisema kipimo kimekimbizwa kabla hakijajulikana vizuri. Hawakuwa wajinga, kuna watoto waliopewa chakula cha PKU bila kukihitaji, na chakula hicho kikimzidi asiye mgonjwa kinamdhuru. Lakini upande wa pili walikuwapo wazazi waliopangwa, na wakati ule ikulu ya Marekani ilikuwa na Rais John F. Kennedy, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, na aliyeunda jopo maalumu la taifa kuhusu suala hilo 1961. Wazazi hawakungoja mabishano ya madaktari yaishe. Walienda kwa wabunge wa majimbo yao, na sheria zikapita moja baada ya nyingine.

Kisha ikaja pesa. Kuna hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, na Guthrie alikuwa ameiomba kwa ajili ya kipimo chake ili kampuni moja ikitengeneze kwa wingi. Yeye mwenyewe hakutaka mgawo. Malipo yalipangwa yaende kwa mashirika ya hisani. Basi kampuni ikatangaza bei. Kifurushi cha kupimia ambacho timu ya Guthrie ilikuwa ikikitengeneza kwa dola 6, wao wakataka dola 262. Hapana, hujasoma vibaya. Guthrie akapiga kelele, suala likafika hadi Bunge la Seneti, na mwaka wa 1965 serikali ikaamua kwamba kwa kuwa utafiti ulifadhiliwa na pesa za umma, kipimo ni cha umma. Angekaa kimya, huenda upimaji wa kila mtoto ungebaki kuwa wa hospitali za wenye nazo.

Baada ya hapo jamaa alisafiri sana. Aliwashawishi madaktari na maafisa wa afya nchi baada ya nchi, New Zealand ikiwa mojawapo. Ireland ilianza kupima watoto wake nchi nzima 1966. Alikuwa na tabia ya kumkaba mtu koo mpaka akubali, na nadhani haikuwa rahisi kukaa naye meza moja kama hukuwa na hamu ya kuzungumzia visigino vya watoto.

Sasa turudi kwa mtoto wa dada yako, yule mtulivu.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, umbo lake kama kipepeo. Inatengeneza homoni ambayo bila hiyo ubongo wa mtoto hauwezi kujijenga. Kuna watoto wanaozaliwa bila tezi hiyo, au ikiwa ndogo mno, au imekwama mahali pasipofaa, au ipo lakini haifanyi kazi. Tumboni wanasaidiwa na homoni ya mama, ndiyo maana wanazaliwa wakiwa sawa kwa macho. Baada ya kuzaliwa ile akiba inaisha. Dalili zinakuja polepole na kwa heshima: usingizi mwingi, kunyonya kwa uvivu, choo kigumu, macho ya manjano yasiyoisha, sauti ya kilio iliyokwaruza, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza. Kila moja ya hizo ina maelezo mengine ya kawaida, na kila bibi ana dawa yake.

Ugonjwa huu unampata mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa. Ni wengi kuliko wa PKU. Na tiba yake inakaribia kuwa ya kushangaza kwa urahisi: kidonge kidogo cha homoni, levothairoksini, kinachopondwa na kuchanganywa na maziwa kidogo ya mama, mara moja kwa siku. Kikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, mtoto anaenda shule kama wenzake. Bila kidonge hicho, anabaki mfupi na mwenye ulemavu wa akili wa maisha.

Kipimo chake hakikuvumbuliwa na Guthrie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa Quebec, Kanada, Jean Dussault, alikuwa akitafuta namna ya kupima homoni hiyo kwa watoto wachanga. Quebec tayari ilikuwa ikikusanya karatasi za damu kavu za watoto wake kwa ajili ya PKU. Dussault aligundua kwamba doa lilelile la damu, kutoka karatasi ileile, linatosha kupima homoni ya thairoidi. Hakuhitaji kudunga mtoto mara ya pili wala kujenga mpango mpya. Kufikia 1974 Quebec ilikuwa ikipima watoto, na kati ya 47,000 wa mwanzo walipatikana saba. Leo doa hilo hilo hupimwa magonjwa mengi katika nchi mbalimbali, selimundu ikiwemo. Kuna watoto waliookolewa na bahasha ya Guthrie kutokana na magonjwa ambayo yeye hata hakuwa akiyafikiria.

Guthrie mwenyewe, alipozeeka, hakupumzika. Alihamia kampeni nyingine, ile ya kupinga madini ya risasi ambayo nayo huharibu ubongo wa watoto. Alifariki Juni 1995 jijini Seattle, akiwa na miaka 78.

Na hapa kwetu? Karatasi ipo. Ikiwa unamjua mama anayeishi na virusi vya Ukimwi aliyejifungua, huenda uliona mtoto akidungwa kisigino kliniki akiwa na wiki sita, damu ikadondoshewa kwenye miduara, ikakaushwa, ikatumwa maabara kubwa kama zile za KEMRI. Ndiyo ileile mbinu ya bahasha. Wauguzi wetu wanaijua na wameifanya kwa miaka mingi. Kisichokuwepo ni mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto mchanga tezi ya thairoidi. Ukitaka kipimo hicho, mara nyingi utakitafuta na kukilipia mwenyewe. Piga hesabu ya kukadiria tu: Kenya huzaa watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na ikiwa mmoja kati ya 3,000 ana tatizo hili, hao ni zaidi ya 300 kila mwaka. Chumvi yenye madini ya iodini inasaidia kuzuia sababu moja ya upungufu huu, ndiyo. Lakini haiwezi kumwotesha mtoto tezi ambayo hakuzaliwa nayo.

Ugumu wenyewe si wa kupuuzwa. Saa za kwanza baada ya kuzaliwa homoni za mtoto hupanda sana kwa kawaida, kwa hivyo damu ya kisigino ni afadhali ichukuliwe baada ya saa 48. Mama wengi wetu wameshapanda matatu kurudi nyumbani kabla ya hapo. Baadhi ya nchi hutumia damu ya kitovu ili kukwepa tatizo hilo. Nyingine humwita mtoto arudi.

Kwa hiyo kama kuna mtoto anayekuja katika familia yenu, uliza mapema kama hospitali inapima TSH ya mtoto mchanga, na kama haipimi, ni wapi karibu wanapopima na ni pesa ngapi. Wape namba ya simu inayopatikana, si ile ya laini uliyoacha kuitumia. Kisha uliza swali ambalo watu husahau: majibu yanatoka siku gani, na nani atakayepiga simu yakiwa mabaya.